Mlango wa Akidi

Wazee wa kanisa lile walikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kura ikikaribia, vibofu vyao vinajaa. Jambo likiwa gumu, mmoja ananyanyuka, "Naomba nitoke mara moja." Wa pili anamfuata. Wa tatu anakumbuka kwamba kuna mtu anamsubiri nyumbani. Ukija kuhesabu, ndani wamebaki sita, na akidi ni saba kati ya tisa. Kwa mtindo huo walikwepa kupiga kura ya paa, wakakwepa ya shule ya chekechea, wakakwepa hata ya mpiga kinanda aliyekuja amelewa siku ya ubatizo. Mchungaji aliyepita akachoka, akaweka kanuni: kikao kikifika kwenye kura, mlango unafungwa kwa nje, ufunguo unakaa na bawabu, na bawabu hafungui mpaka asikie wimbo wa shukrani ukiimbwa na wote waliomo ndani. Mwenye kibofu kidogo ajipange mapema.

Bawabu mwenyewe aliitwa Komeo. Jina hilo alilipata gerezani, si kwa kufungwa, ila kwa kufunga. Alikuwa askari magereza miaka thelathini na miwili, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika sawasawa. Kimoja alikivunjia kwenye taya la mfungwa. Kingine alikivunjia nyumbani.

Ndiyo, nyumbani. Hakuna haja ya kulizungusha. Komeo alimpiga mkewe kwa miaka kumi na mmoja, kwa mkanda, kwa ngumi, na siku moja kwa mguu wa kiti. Siku hiyo mama wa watu alilala siku mbili bila kufumbua macho, na alipoamka, sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Komeo aliogopa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akaja kanisani akalia mbele ya watu mpaka kamasi zikamtoka, bila kutaja alilolifanya, na tangu hapo hakumgusa tena mtu. Mkewe aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kwa maradhi yake mwenyewe. Lakini binti yao wa pekee alikuwa ameyaona yote, akiwa na miaka tisa, akiwa amejibanza nyuma ya kabati la vyombo. Hakuwahi kulizungumza. Alikua, akasoma, akawa nesi, na miaka miwili iliyopita akamwambia baba yake, "Njoo ukae kwangu, chumba cha uani kipo wazi." Komeo alihamia siku hiyohiyo na begi moja. Mzee yule hakuwa na kitu kingine duniani. Asubuhi Nesi akimgongea mlango na kumwambia chai iko tayari, siku yake ilikuwa imeshatimia.

Jumamosi hiyo, saa tisa mchana, baraza lilikutana kupanga huduma za kanisa kwa jamii. Ajenda zilikuwa tano. Nne zilikuwa laini: kutembelea wagonjwa, darasa la ushonaji, siku ya kupima afya, usafi wa mtaro wa barabarani. Ya tano aliiandika Nesi, naye alikuwa mjumbe mpya kuliko wote. Alitaka ukumbi mdogo wa nyuma uwe mahali pa kulala wanawake wanaokimbia kipigo, na alitaka kifungu kiongezwe kwenye katiba ya kanisa: mzee yeyote anayempiga mkewe aondoke barazani siku hiyohiyo, bila kungojea mwisho wa kipindi chake.

Kifungu hicho kilikuwa na mtu wake, na kila mtu alimjua. Makamu mwenyekiti alikuwa mkandarasi wa majengo, jitu la shingo nene walilolibandika jina la Nondo. Jumatano mkewe alifika zahanati kwa Nesi ameshika kitambaa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na meno mawili. Taya lilikuwa limevunjika. Mbavu zilikuwa nyeusi. Nesi alimfunga, akamchukua, akampeleka kwake, na Komeo akatoa kitanda chake bila kuombwa, akalala sebuleni juu ya godoro la sponji. Siku tatu mfululizo alimwona yule mama akinywa uji kwa mrija, na kila alipomeza, machozi yalimtoka. Komeo alikuwa akitoka nje asione. Alijua vizuri mno jinsi taya linavyofikia hapo.

Nondo alifika wa mwisho. Alisimama mbele ya Komeo, akamwekea mkono begani, akabinya.

"Mzee Komeo. Mke wangu hujamwona?"

"Sijamwona."

"Ameondoka Jumatano. Watu wananificha." Vidole vilizama zaidi, vikatafuta mfupa. "Wewe ni mwanamume mwenzangu. Mambo ya ndani unayajua. Nikimpata aliyemficha, nitamvunja kama ninavyovunja tofali bovu. Mwambie yeyote atakayekuuliza."

"Kikao kimeanza, Makamu," Komeo alisema.

Nondo akacheka, akampiga kofi dogo shavuni, la mzaha, lililouma, akaingia. Damu ya Komeo ilichemka mpaka masikioni. Askari wa zamani ndani yake alishapima tayari: koo, goti, kinena. Komeo akakaa kwenye stuli yake.

Ajenda nne zilipita kwa muda wa kula andazi. Ilipofika ya tano, Mchungaji aligonga mlango kwa ndani mara mbili, na Komeo akazungusha ufunguo. Mlango ule ulikuwa wa mbao ngumu, ila juu yake palikuwa na matundu ya hewa, na mtu aliyekaa kwenye stuli alisikia kila kitu, mpaka kukohoa. Komeo aliketi na ufunguo mapajani. Mwaka uliopita alikuwa amefanya kosa moja. Alisikia makelele, mtu akapaza sauti "Komeo, fungua!", naye akafungua akidhani wanauana. Wazee watatu walimpita mbio kwenda kukojoa na hawakuonekana tena mpaka Jumapili. Kura ikafa. Komeo akasimamishwa mbele ya ushirika mzima akaonywa kama mtoto, na wanakwaya wakacheka. Aliapa haitatokea tena.

Ndani, mzee mmoja mwalimu mstaafu alikuwa anasema mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Mwingine akasema ukumbi una viti vipya, wanawake watakuja na watoto, watoto watavikojolea. Watu wakacheka. Kisha Komeo akasikia sauti ya binti yake.

"Wazee wangu, mnazungumza kama vile watu hawa wako mbali. Nawaomba mnisikilize. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya kipigo."

Komeo akainua kichwa.

"Mama yangu mlimjua. Mlidhani alizaliwa kiziwi wa sikio moja. Hakuzaliwa hivyo. Baba yangu alimpiga kwa mguu wa kiti, nami nilikuwa nyuma ya kabati. Nilihesabu. Mara tisa. Baba yangu huyo ndiye amekaa nje ya mlango huu, ndiye anayewapokea kila Jumapili na kuwapa mikono. Nampenda. Ila siku ile, mama angekuwa na ukumbi wa kukimbilia, angekuwa na masikio mawili."

Nje kwenye stuli, Komeo aliona aibu kiasi cha kutaka kuzama sakafuni. Miaka yote ya kusalimia watu mlangoni, ya kuvaa koti lililopigwa pasi, ya kuitwa mzee wetu, ilikuwa imevuliwa mara moja mbele ya watu wanane. Baada ya aibu, kama ilivyokuwa kawaida yake zamani, ikaja hasira. Ilikuja na joto lake lilelile, kutoka tumboni kupanda juu. Mtoto huyu. Angeniuliza kwanza. Nani amemtuma? Nyamaza, alisema moyoni. Nyamaza, nyamaza sasa hivi.

"Na mke wa mmoja wetu," Nesi aliendelea, "usiku wa leo atalala kwenye kitanda cha baba yangu, ana taya lililofungwa bandeji. Mnamjua mumewe. Amekaa hapo."

Kiti kiliburuzwa.

"Yuko kwako?" ilikuwa sauti ya Nondo, ya chini kabisa. "Siku zote tatu, ni wewe?"

"Makamu, kaa chini," Mchungaji alisema.

Mezani kwa mwenyekiti, yaani Mchungaji, palikuwa na kengele ya shaba ya kutulizia kikao, nzito, ya mpini wa mti. Kila mtu wa kanisa lile aliujua mlio wake. Komeo aliusikia sasa, mara moja. Haukuwa mlio wa siku zote. Ulikuwa umekatika, kama vile mtu ameiziba kengele kwa kiganja inapolia. Kisha mtu akaguna.

Hapa ndipo penyewe. Komeo alikuwa mtu wa vipigo maisha yake yote. Kitu kizito kikitua juu ya mfupa, alikijua kwa mlio kabla ya kukiona. Mwili wake uliinuka wenyewe kutoka kwenye stuli, ufunguo ukafika tunduni. Lakini mkono haukuzunguka. Kichwani kilimjia kisingizio kizuri, kimefika mapema na kimevaa vizuri: ni kengele tu, Mchungaji anatuliza kikao, kanuni ni kanuni. Chini ya kisingizio hicho palikuwa na kitu kingine, na Komeo alikiona, akakitambua. Alikuwa amefarijika kwamba binti yake amenyamaza.

Kengele ikalia mara ya pili. Safari hii palisikika kelele, meza ikapinduka, glasi zikavunjika. Mtu alipaza sauti, "Komeo! Fungua!" Alikuwa mama mshonaji, katibu wa baraza. Komeo alisimama. Mwaka jana pia waliita hivyohivyo, akajiambia.

Mara ya tatu. Mwalimu mstaafu, aliyepigwa kiwiko akijaribu kuzuia, alikuwa analia kwa sauti ya juu, "Meno yangu! Meno yangu!"

Halafu Mchungaji akaanza kuimba.

Aliimba wimbo wa shukrani, kwa sauti inayotetemeka, bila pumzi. Mshonaji akauchukua, na wengine wakafuata, wanaume wazima wakiimba huku wanalia, kwa sababu walijua huyo mzee wa nje hafungui kwa kitu kingine chochote. Waliimba ubeti wa kwanza wakati Nondo anapiga. Kengele ililia mara ya nne katikati ya wimbo.

Komeo akazungusha ufunguo.

Binti yake alikuwa chini, kati ya ukuta na meza iliyopinduka. Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Nyusi ya kulia ilikuwa imepasuka mpaka mfupa unaonekana, na damu ilikuwa imelijaza jicho. Mchungaji alikuwa amemng'ang'ania Nondo mguuni. Mwalimu mstaafu alikuwa amejikunja pembeni, mdomo mwekundu. Nondo alikuwa anainua kengele kwa mikono miwili.

Komeo alikuwa na miaka sitini na tisa. Aliingia chini ya ile mikono kwa bega, akasikia ubavu wa Nondo ukikubali, wote wawili wakaanguka juu ya vioo. Kengele ikabingirika. Nondo akamshika koo. Komeo akamtia kidole gumba jichoni, akakisukuma mpaka koo likaachiliwa, kisha akampiga goti la kinena, na jitu lilipojikunja akalishika nywele akaligonga uso sakafuni. Mara moja. Mara mbili. Kazi ile hakuisahau. Alimgeuza, akamkalia kifuani, akaanza kumpiga kwa ngumi, bila haraka, kushoto, kulia, kama alivyofundishwa na kama alivyofundisha wenzake, akichagua mahali. Pua ilivunjika. Mdomo ukapasuka. Nondo aliomba msamaha, akaendelea kupigwa. Aliacha kuomba, akaendelea kupigwa. Komeo hakuwa na hasira tena wakati huo. Alikuwa anaona raha, na hilo litajwe, maana yeye mwenyewe hakulikana baadaye.

"Basi," mtu alisema.

Aliendelea.

"Baba, basi."

Aligeuka. Nesi alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, anamtazama kwa jicho moja lililobaki wazi. Komeo aliwahi kuliona jicho hilo, likichungulia nyuma ya kabati. Akaishusha mikono. Mchungaji na mzee mwingine wakamwinua kutoka juu ya Nondo, aliyekuwa anapumua kwa mapovu mekundu, wakamfunga Nondo kwa kamba ya pazia.

Mchungaji alikimbilia funguo za gari lake, na mshonaji akaagizwa aite polisi. Nesi akawazuia.

"Kura," alisema.

"Mwanangu, unavuja damu," Mchungaji alisema.

"Mlango uko wazi. Nikitoka hapa, nusu yenu mtakwenda kukojoa, nawajua. Akidi ipo. Pigeni kura sasa."

Mwalimu mstaafu, akiwa ameshika meno yake kwenye kiganja, aliuliza kwa dhati kabisa kama mjumbe aliyefungwa kamba anahesabiwa kwenye akidi. Angekuwa na nguvu, Nesi angemcheka. Mshonaji alimjibu kwamba wako wanane bila huyo, na asimame kama anasimama. Kura ya kanisa lile ilikuwa ya kusimama. Walisimama mmoja mmoja juu ya vioo, Mchungaji, mshonaji, wale wengine, mwisho mwalimu mwenyewe, ambaye nusu saa kabla alitaka mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Nesi hakuweza kusimama. Aliinua mkono mzima, na katibu akauandika. Nane. Ukumbi ukapatikana, kifungu kikapita, na Nondo akapoteza kiti akiwa amelala chini, kando ya meza ya baraza.

Garini, Mchungaji aliendesha kwa kasi akipiga honi kila njia panda. Nesi alikuwa kiti cha nyuma, kichwa kimeegemea bega la baba yake, kitambaa cha meza kimefungwa usoni. Komeo alimshikilia mkono uliovunjika ili usitikisike. Vifundo vyake vya vidole vilikuwa vimechanika, na ndani ya kimoja mlikuwa na kipande cha jino kisicho chake. Alikuwa anasali, au anajaribu. Asante yu hai. Asante yu hai. Binti yake alikuwa ameegemea bega lake kwa hiari yake, kitu ambacho hakukifanya hata alipokuwa mdogo, na mzee yule, katikati ya damu yote ile, aliona furaha akaionea haya.

"Baba."

"Naam, mwanangu. Usiongee. Tunafika."

"Nilipoteza hesabu. Alinipiga mara ngapi?"

"Mara nne," Komeo alisema.

Gari liliruka tuta. Nesi aliguna, kisha akakaa kimya kwa muda mrefu. Komeo hakuelewa alichokijibu mpaka alipousikia ule ukimya.

"Ulipofungua, alikuwa ameshanipiga zote," Nesi alisema. "Ya tano ndiyo uliyoizuia. Hizo nne ulizihesabia wapi?"

Mchungaji alimtazama Komeo kwenye kioo cha dereva, akarudisha macho barabarani.

Angeweza kusema kanuni. Angesema mlango ni mzito, sikio ni la kizee, mwaka jana nilionywa. Kila mtu angemwamini, pengine hata yeye mwenyewe. Alifungua mdomo aseme hivyo.

"Ya kwanza niliijua," alisema. "Niliijua kabisa ni nini. Ufunguo ulikuwa tunduni."

"Kwa nini, baba?"

"Ulikuwa umenitaja mbele yao. Nilitaka unyamaze. Kidogo tu. Nilitaka mtu akunyamazishe."

Nesi hakulia. Aliondoa kichwa begani kwake taratibu, kwa sababu kila kitu kilimuuma, akakiegemeza kwenye kioo cha upande wa pili. Kisha akautoa mkono wake uliovunjika mikononi mwa baba yake. Ilichukua muda, alikuwa anausogeza kidogo kidogo huku ameuma meno, na Komeo hakujua amsaidie au asimguse.

"Mchungaji," alisema, "simama hapo mbele. Baba anashuka."

"Dada, hospitali si mbali, tungefika kwanza."

"Anashuka hapa."

Mchungaji akasimamisha gari mbele ya duka la vipuri vya pikipiki. Watu waliokuwa barazani mwa duka waligeuka kutazama. Komeo akashuka, shati limelowa damu ya binti yake kifuani na ya Nondo mikononi, akainama dirishani ili aseme neno.

"Yule mama ale saa kumi na mbili," Nesi alisema bila kumtazama. "Mwachie uji na mrija mezani. Uwe umeshatoa vitu vyako."

Gari likaondoka. Komeo alibaki amesimama, mpaka mwenye duka alipomletea kopo la maji akamuuliza kama ndiye aliyeumizwa.

"Hapana," Komeo alisema, akanawa mikono.